Daktari Aliyeishtaki Tarumbeta

Dzaleka, tarehe 9 Mei 2001

Kwa Mama Hubert,
mzazi wa Daktari Hubert Zihindula,
Kawale, Lilongwe.

Mama mheshimiwa,

Mimi ni Gélase, mshonaji wa hapa kambini, mtu wa Uvira. Huenda unanikumbuka: mnapokuja kusali kwetu, mimi ndiye mpiga tarumbeta, na ndiye anayekohoa katikati ya wimbo. Nakuandikia wewe kwa sababu mkubwa wa zahanati ni rafiki wa mwanao, na serikali ina shughuli nyingi. Wewe ulimzaa, ukimwita atakaa chini na kusikia. Nina malalamiko manne juu yake, nayaweka kwa namba ili asiseme nimechanganya mambo.

1. Mwanao alininyang'anya kifua kikuu. Kwa miaka mitatu nilikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, Mama, na kila mtu alinijua hivyo. Nilimeza dawa miezi minane, hazikusaidia. Wakaniongezea mingine minane, na sindano za kila siku kwa miezi miwili, mpaka cherehani nikawa naiendesha nimesimama. Makohozi yangu hayakuonyesha mdudu hata mara moja, lakini hatukumlaumu mtu. Tulisema mdudu wangu anajua kujificha, kama sisi wenyewe tulivyojificha njiani. Ndipo mwanao akatazama picha ya kifua, akaniambia, "Papa Gélase, hii haikukuwa TB. Hata siku moja." Akauondoa ugonjwa wa miaka mitatu bila kunipa mwingine mkononi.

2. Maswali yake. Kule Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, nilihojiwa mara tatu juu ya ukimbizi wangu, na hakuna aliyetaka kujua ninalalia nini. Mwanao alitaka. Godoro la nini? Nafuga njiwa? Napura mahindi? Nyumba inavuja? Mke wangu Eugénie aliyajibu mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Ilipita saa nzima, na nje wagonjwa walikuwa wamejaa benchi. Mwishowe akauliza lile ninalomshtakia: "Kikohozi ilikuachaka wakati gani?" Mgonjwa huulizwa anaumwa tangu lini. Nani humwuliza alipona lini?

Mimi kwa ujinga nikasema ukweli: mwezi wa pili, kwa wiki tatu, nilipumua kama kijana.

"Hizo wiki tatu ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema hakuna, nilishona tu. Hata kanisani sikupiga, maana tarumbeta ilikuwa imepasuka na iko kwa fundi wa kuchomelea kule Biwi. Ilirudi lini? Jumamosi. Na kikohozi? Jumapili jioni. Akaweka kalamu chini. Eugénie akanitupia jicho ambalo mpaka leo halijaniondoka.

3. Tarumbeta ilihukumiwa bila kujitetea. Aliagiza niilete. Akafunga pamba kwenye waya, akaupitisha ndani ya bomba, ukatoka na kitu cha kijani na cheusi, kama kinachoota kwenye mkate uliosahaulika. Ni ukungu, alisema. Nikipiga natoa muziki, nikivuta pumzi naingiza ukungu, na mapafu yangu yanaukasirikia. Ugonjwa huo ameusoma vitabuni, wa wafugaji wa njiwa na wa watu wanaoshika nyasi zilizooza. Wa mpiga tarumbeta hajawahi kukutana nao. Alifurahi, Mama. Akakitia kile kitu kwenye kichupa, akakifunga na kukiandika jina langu.

Sasa ujue kilichofungwa. Tarumbeta ile ni ya Vainqueur, mdogo wangu, aliyekuwa mpigaji wa parokia yetu. Mwezi wa kumi 1996, tukiwa tayari kwenye njia ya Fizi, aliniwekea mkononi akasema, "Unishikie hii. Narudi kuchukua mama, nakuya." Hakuja. Wala mama hatujamwona. Mpaka leo nikimtaja sijui niseme yuko au alikuwa. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameipiga. Ndiyo maana sijawahi kuiosha, na fundi wa Biwi nilimkataza kabisa kuitia maji. Pumzi yake ya mwisho ninayoijua imo mle. Mwanao anaiita ukungu.

4. Amri yake kwamba niioshe kwa maji ya moto na sabuni kila Jumamosi, la sivyo niiache. Leo ameanza na tarumbeta. Kesho atamwambia Eugénie kwamba kitenge alichotoka nacho Uvira kinaharibu ini. Keshokutwa itakuwa Biblia ya mchungaji wetu, iliyovuka ziwa ikalowa na kuvimba. Mwisho atagundua kwamba Kongo yote imetukaa kifuani, na atatuagiza tuisugue kwa sabuni.

Kwa hiyo, Mama, naomba umwambie anitafutie ugonjwa mwingine. Nitapokea wowote wa hapa Malawi: wa vumbi la Dowa, wa moshi wa tanuri za matofali, wa baridi ya mwezi wa sita. Hata usio na dawa nitaushukuru. Sharti langu ni moja tu, usitoke Uvira.

Eugénie anakusalimu, kwaya nzima inakusalimu, na jirani yetu Nizigama, aliyeniazima karatasi hii, naye anakusalimu. Hubert mwenyewe msalimie, ila kwa ukali.

Ni mimi, kwa heshima na kwa pumzi kidogo niliyobaki nayo,

Gélase, mshonaji

N.B. Barua hii imekaa wiki nne kwa kukosa wa kuipeleka. Katika muda huo Eugénie aliniomba niioshe tarumbeta mara moja tu, ili tumwonyeshe daktari kwamba amekosea. Niliiosha nikilia. Maji yalitoka meusi, nikamwaga, nikaosha tena. Tangu hapo usingizi naupata nimelala chali, na kutoka bombani napanda na ndoo bila kupumzika. Jumapili nilipiga wimbo mzima. Sauti ilitoka safi hata mimi sikuitambua. Eugénie ndiye aliyeitambua. "Njo vile Vainqueur alikuwa anapigaka," aliniambia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alhamisi nakuja Lilongwe kupimwa pumzi. Tafadhali, Mama, barua hii usimsomee.