Mkuu Mtarajiwa wa Utalii, Mto Pangani

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Visiki tena. Kijiji kimeamua kufungua shamba la ushirika kando ya mto, upande wetu huu wa Handeni, mahali ambapo Mungu mwenyewe alipanda migunga akataka ibaki. Nimekabidhiwa kisiki changu alfajiri. Jioni kilikuwa bado pale pale. Aliyelegea ni mimi. Mke wangu Zamda amekagua malengelenge ya viganja vyangu, akasema hayo ni ya kuegemea mpini, si ya kulima.

Wakati wa mapumziko Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alitangaza kwamba wilaya inataka kila kijiji kiwe na mradi wa pili mbali na kilimo. Msimamizi wa mradi huo atasamehewa kazi za shamba. Nilisimama hata kabla hajameza mate. Nikasema: utalii. Wenzangu wakaulizana huyo ni mdudu gani. Nikawaeleza kwamba kuna watu wanafungiwa kazini wiki nzima, na ikifika Jumapili wanatafuta pa kupunga upepo. Sisi tuna mto, tuna viboko, tuna majabali, na vyote vimekaa bure.

Mzee Mhina amekubali kwa masharti. Jumapili hii nilete wageni. Wakiondoka wamefurahi, mimi ni Mkuu wa Utalii na jembe nalisahau. Wakiondoka wamenuna, nang'oa visiki vuli yote na masika yote. Mkuu wa Utalii! Nimelitamka njia nzima nikirudi nyumbani. Linanikaa vizuri.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeruhusiwa kwenda Hale kutafuta wageni. Nilivaa suruali yangu ya tetroni, ile ya harusi yangu. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya umeme nimempata Bwana Ernesti, fundi, Msambaa wa Dindira, ambaye ndiye kiongozi wa matembezi yao ya Jumapili. Mtu mpole, ila anauliza sana. Aliuliza kwetu kuna nini cha kuona.

Nikamjibu kwamba kuna safari ya mtumbwi. Kuna Jabali la Mjerumani, katikati ya mto, ambapo Mjerumani mmoja alikaa akalia kwa kukumbuka kwao. Kuna pilau. Huyo Mjerumani nilimzaa pale pale mlangoni kwa Bwana Ernesti. Pilau pia. Na nikifikiri vizuri, hata mtumbwi. Watakuja na lori, wake kwa watoto.

Njiani nimekumbuka kwamba kijiji kizima kina mtumbwi mmoja tu, nao ni wa Mihayo. Usingizi hautakuja leo.

Jumatano, 6 Septemba

Usingizi ulikuja, na akili ikaja nayo. Mihayo ni Mnyamwezi. Alikuja zamani kukata mkonge, mkataba ukaisha, yeye hakuisha. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kuingia kwako akachukua jogoo mbele ya macho yako, na kazi yako wewe ni kucheka. Idi iliyopita alichukua wangu. Nilicheka mpaka nikaugua.

Leo nimelipa kisasi. Nilishuka mtoni kweupe, mbele ya akina mama waliokuwa wakifua, nikaketi ndani ya mtumbwi wa Mihayo na kutangaza kwamba chombo cha mtumwa wangu ni changu, na tangu sasa ni mali ya utalii. Mihayo alicheka akashika mbavu. Akasema nichukue, mtumwa wake, nichukue na kafi. Kisha akauliza kwa adabu kama najua kuendesha. Nikamwambia mtumbwi ni kama baiskeli, ila hauna magurudumu ya kukusumbua.

Zamda anasema Mihayo amecheka upesi mno. Wanawake hawajui kupokea ushindi.

Alhamisi, 7 Septemba

Suruali ya tetroni haipo kwenye kamba. Nimeikuta shambani, ndani yake Mihayo, inamwishia kwenye mashavu ya miguu, anang'olea visiki. Watu walimpigia makofi. Mzee Mhina akasema ni mara ya kwanza suruali hiyo kufanya kazi. Nilicheka kama inavyotakiwa. Taya zinaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Septemba

Baada ya sala nimevuka kwa miguu mpaka jabalini, maji yamepungua sana upande ule, nikaandika kwa chokaa: JABALI LA MJERUMANI. Mzee Mhina aliniita kando. Baba yake alibeba mizigo ya Wajerumani miaka na miaka, alisema, na hakuwahi kusimulia juu ya Mjerumani aliyelia. Nikamwambia alilia kwa siri. Alinitazama sana, kisha akaniuliza kama nimeshachagua sururu ya mvua za vuli.

Zamda amekubali kupika pilau. Anasema hafanyi kwa ajili yangu, anafanya kwa ajili ya sura ya kijiji mbele ya Wasambaa.

Jumamosi, 9 Septemba

Mazoezi ya mtumbwi, nchi kavu. Yamekwenda vizuri kupita nilivyotarajia.

Jumapili, 10 Septemba

Naandika nikiwa hai. Nasema hivyo kwa sababu mchana wa leo jambo hilo lilikuwa na ubishi.

Nilitangulia mtoni peke yangu mapema, nijaribu kidogo kabla lori halijafika. Nikasukuma mtumbwi. Ukakubali. Halafu ukageuka wenyewe na kuanza kushuka na maji kinyumenyume, mimi nikipiga kafi kwa nguvu zote kwenda upande usiokwenda. Ukagonga jabali. Niliruka nikaling'ang'ania, na mtumbwi ukaendelea na safari yake. Nikageuka nirudi kwa miguu, kumbe viboko nao waliona maji yamepungua upande ule. Kundi zima limelala baina yangu na ukingo. Basi nikakaa juu ya Jabali la Mjerumani. Nikalia.

Huko chini akina mama waliona mtumbwi mtupu unapita. Habari ikafika kijijini kwamba mimi, Sadala, nimekwisha. Na mtu akifa kwetu, watani ndio wenye msiba. Hapakuwa na wa kumzuia Mihayo. Lori la Hale lilipofika ukingoni, wageni walikuta matanga.

Mwanzoni walivua kofia. Bwana Ernesti alikuwa ameshaanza kutoa pole. Ndipo Mihayo akaingia uwanjani, majivu usoni, suruali yangu ya tetroni kiunoni, jembe mkononi, akawa mimi. Alisinzia juu ya mpini. Alishtuka, akatazama jua, akauliza kama muda wa kula bado. Aligusa kisiki kwa kidole kimoja, akaketi kupumzika. Kisha akajilaza mahali pa kaburi, akagoma kuinuka, akasema lichimbwe pana kwa kuwa marehemu alipenda kujinyoosha, na halichimbwi bila sahani ya pilau. Wageni waliangua kicheko. Watoto walimfuata nyuma wakisinzia juu ya fimbo. Mimi nilisikia kila kitu kutoka jabalini, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini nani asikie kwa vicheko vile.

Zamda alilia. Nimeambiwa na wengi kwamba alilia kweli kweli, akajitupa chini, na hilo limenigusa moyo. Aliendelea mpaka alipoliona shati langu juu ya jabali. Hapo akajifuta, akaenda kupakua pilau. Alimnong'oneza Mihayo kwamba mimi ni mzima. Mihayo akamjibu kwamba msiba hausimami mpaka mtani apewe haki yake. Wakampa. Alikula taratibu.

Viboko walipoondoka, Mihayo akaja kunichukua na mtumbwi ambao ulikwama kwenye matete kule chini. Niliposhuka, wageni wote walisimama wakapiga makofi. Walidhani ufufuo ulikuwa kwenye ratiba. Bwana Ernesti ameniambia hajapata kuona mandari kama hii, hata Tanga mjini hakuna, na Jumapili ijayo watakuja na malori mawili.

Wageni wameondoka wamefurahi. Nimeshinda! Kesho jembe namrudishia Mzee Mhina mbele ya watu.

Jumatatu, 11 Septemba

Mkutano. Nilikaa mbele kabisa. Mzee Mhina akasema masharti yalikuwa wageni wafurahi, na wamefurahi, hakuna anayepinga. Nikainuka kushukuru. Akaniomba nisubiri. Akawauliza wananchi ni nani aliyewafurahisha. Mikono yote ikamwelekea Mihayo. Mkono wa Zamda ulikuwa wa kwanza.

Mihayo ndiye Mkuu wa Utalii. Alipokea cheo kwa unyenyekevu, kisha akanikabidhi jembe lake pamoja na kisiki chake, maana msamaha wa kazi unaanza leo. Sasa nina visiki viwili. Iliniuma, nakiri. Lakini macho ya kijiji kizima yalikuwa kwangu, na yeye ni mtani. Nikacheka.

Jumanne, 12 Septemba

Wazo limenijia nikiwa nimeinama juu ya kisiki cha pili, na ni kubwa kuliko yote niliyowahi kupata. Wageni wanarudi kuona nini? Msiba. Msiba unataka nini kwanza? Maiti. Na maiti anafanya kazi gani? Analala!

Nilikwenda mbio kwa Mzee Mhina na madai yangu. Niwe Marehemu wa Kijiji, cheo rasmi, kisomwe mkutanoni. Nikiwa kazini nisishikishwe jembe wala sururu. Nikifufuka nipewe pilau. Nilijiandaa kwa ubishi mkubwa, ila mzee alikubali yote papo hapo, akanipa mkono, akaniita Ndugu Marehemu. Hata hakuomba kupunguziwa.

Nimemweleza Zamda. Akauliza kazi hiyo ni siku gani. Nikamwambia Jumapili. Akauliza visiki tunapumzika siku gani. Nikafikiri. Jumapili. Ameingia jikoni na bado namsikia anavyocheka huko.

Acha acheke, hajui mambo ya utalii. Kesho namfuata Mihayo kumweleza kwamba maiti mzuri lazima afanye mazoezi, tena siku za kazi, tangu asubuhi. Ni mtani wangu. Hawezi kunikatalia.