Kuhusu Filamu Iliyoharibu Ukimya wa Nyumba Yangu

Bugarama, Juni 2001

Kwa Ndugu Mratibu wa Filamu za Jumapili,
Ukumbi wa Vijana.

Ndugu Mratibu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote unaofanya nao kazi, hata yule fundi wa jenereta aliyemwagia mafuta viatu vyangu vya kanisani. Mimi ni Habumugisha Straton, mkulima wa mpunga. Nilikulia Uvira, upande wa Kongo, nikarudi Rwanda na mke wangu Patricie wakati wa vita vya mwaka tisini na sita. Njiani, karibu na Kamanyola, tulimpoteza binti yetu katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia. Tangu siku ile hatukumtaja tena. Hatukukubaliana hivyo, ilitokea tu, na ukimya huo ndio uliofanya nyumba yangu ikalike. Filamu yako imeuharibu. Naandika kudai nirudishiwe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu haikuwa na mtafsiri. Katika nyumba ya video pale sokoni kuna kijana anayesimama pembeni na kutueleza kila kitu: huyu ni mbaya, huyu ni akteri, yaani shujaa, na akteri hafi. Filamu yako ilimwonyesha mama mmoja akitembea. Akatembea. Akachota maji, akatembea tena. Nilingoja bunduki, sikuiona. Hata ngumi moja haikupigwa, na sisi tuliokuja kutazama tulikuwa tumevaa vizuri.

2. Filamu haikuisha. Yule mama alifika mtoni akimtafuta mtoto wake, akasimama, taa zikawashwa. Tulikaa kwa adabu tukingoja kanda ya pili. Kumbe ndiyo imekwisha! Ndipo Bwana Cyusa, kijana aliyeitengeneza, akakaa mbele yetu na kutuuliza sisi tunafikiri mtoto alikwenda wapi. Ndugu Mratibu, nikienda kwa fundi cherehani kuchukua suruali yangu, haniulizi mimi nafikiri mguu wa pili uko wapi.

3. Hayo mnayoyaita majadiliano. Huku kwetu mgeni kutoka Kigali akikalia kiti mbele ya watu na kushika kipaza sauti, huo ni mkutano. Na mkutano una taratibu zake: unasimama, unawashukuru viongozi, unaeleza tatizo la mtaa. Basi Mzee Rutayisire alisimama, akaishukuru serikali, akaomba bomba la maji. Maman Anonciata akalalamika juu ya mbuzi wanaoingia mashambani. Muhigirwa akapendekeza yule mama wa kwenye filamu apewe kiwanja, tukapiga makofi. Bwana Cyusa alikuwa akitoa jasho, lakini alisema ni maoni mazuri. Mpaka hapo, nakiri, mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Kisha akasimama mke wangu, ambaye katika mikutano yote niliyohudhuria naye hajawahi kufungua kinywa. Hakumshukuru kiongozi yeyote. Alisema: "Miye sina swali. Mutoto wetu alikuwa anaitwa Iriza. Nilitaka tu niseme jina yake mbele ya bantu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata mbuzi walisahaulika. Na Bwana Cyusa, badala ya kumkatiza kama msimamizi yeyote wa mkutano anayejua kazi yake, akamsogezea kipaza sauti. Nilitazama sakafu. Niliumia, Ndugu Mratibu, na nilikuwa nimekuja kustarehe.

4. Majadiliano hayakufungwa. Ninyi mlikunja shuka lenu jeupe mkaondoka kwenda Kamembe, lakini mazungumzo yakanifuata nyumbani. Mke wangu sasa anaongea akichambua mchele. Ananiuliza kama nalikumbuka gauni la njano la mtoto. Majirani wanakuja na pombe ya ndizi, wanakaa uani kwangu, na kila mmoja ana jina lake la kutaja. Hata Ntabaza amekuja, ambaye tuna ugomvi wa mfereji wa maji, akataja kaka zake wawili, akalia, na sasa siwezi tena kugombana naye kama inavyostahili. Viti vyangu havitoshi. Mwanangu Nishimwe, aliyezaliwa huku, anataka kujua kama dada yake angeweza kumbeba mgongoni.

5. Nimebadilishwa jina bila idhini yangu. Mimi nilikuwa Papa Nishimwe. Tangu Jumapili ile watu sokoni wananisalimu Papa Iriza. Naitikia, kwa adabu tu, halafu inabidi nisimame kidogo kabla ya kuendelea na njia.

Kwa sababu hizo naomba: kwanza, zionyeshwe filamu zinazoisha, na polisi wafike mwishoni. Pili, kipaza sauti kifungiwe mahali pamoja na dawa za wadudu, kisiachwe mikononi mwa akina mama. Tatu, mtu anayeanzisha mazungumzo katika nyumba ya mwenzake alazwe katika nyumba hiyo mpaka yaishe. Mkeka wa Bwana Cyusa uko tayari, na Patricie ameshauosha. Na kama haya hayawezekani, kijana huyo azuiwe kuuvuka msitu wa Nyungwe kuja huku kwetu akiwa na mashine yake, kwa usalama wa familia zilizonyamaza vizuri.

Nakala nimempelekea Meya, Padri na Imamu. Wasalimie wote hapo ofisini, msalimie mkeo na watoto, na fundi wa jenereta mwambie viatu vimekauka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Habumugisha Straton

Nyongeza: Nasikia filamu hiyo itaonyeshwa tena Nyakabuye Jumapili ijayo. Nimekwisha ongea na dereva wa minibasi atuwekee nafasi. Mke wangu hakusema yote. Hakusema kwamba Iriza alikuwa anacheka usingizini, kwa sababu hajui. Mtoto alikuwa akilala upande wangu. Safari hii nitasimama mimi, na ninaomba sana nisikatizwe.