Pepo wa Motokaa ya Taherali

Jumatatu, 2 Juni 1913, Morogoro

Motokaa ya mizigo ya Bwana Taherali mwenye duka imeshushwa kwenye gari la moshi. Kuukuu! Rangi imebabuka. Ukiiwasha inapiga kelele utadhani inapanda Uluguru, kumbe imesimama tu mlangoni! Kuku wa jirani wamehama.

Taherali amesema atakayeituliza kabla ya Ijumaa kwisha ndiye dereva. Haya! Mimi Pazi nimebeba mizigo kichwani na begani miaka kumi na moja. Bega la kulia limeshuka, kanzu zote zinanikaa upande. Sibebi tena! Udereva ni wangu. Niliwahi kupaka mafuta magurudumu ya gari la moshi miezi miwili mizima. Nani mwingine hapa anajua mashine?

Kasiani, eti. Kasiani wa misheni, mwenye Kijerumani kidogo na majivuno mengi. Kaizunguka injini mikono nyuma, kisha kaniuliza kama nimetazama waya wa kukanyagia mafuta. Kaniuliza mimi!

Jumanne, 3 Juni

Nimeutazama waya. Si kwa sababu yeye kasema. Nikaufunga kwa kamba ya mgomba, nikaukaza kwa meno. Injini ikazidi kupayuka. Kamba ikagusa bomba la moto, ikaungua. Taherali akatoka na ndoo ya maji, akanimwagia mimi badala ya kamba!

Kasiani akasema kwa upole kwamba waya ulikuwa mzima tangu mwanzo. Upole wake unanitia kichefuchefu.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata! Nilijibanza nyuma ya magunia ya karanga za Gairo, Kasiani akimweleza Taherali ugonjwa. Injini inanguruma, maneno yanakuja nusu nusu. Lakini hili nililisikia vizuri: ina pepo, na njia yake ni shingoni.

Pepo! Anajua, ananyamaza, halafu ati anakwenda kutafuta kipande cha ngozi. Tangu lini pepo akatibiwa kwa ngozi? Mnafiki mkubwa!

Nikaenda mbio Mafiga kwa Bi Pili, mganga. Nikampa shikamoo mbili. Akasema gari limetoka Ulaya, kwa hiyo pepo ni wa Kizungu, na hao ni wakaidi. Afukizwe ubani, avikwe nguo nyekundu, apigiwe ngoma mpaka ataje jina lake. Akishataja, atatulia.

Alhamisi, 5 Juni

Nguo nyekundu nyumbani ni moja, ya mke wangu Shamsia. Nimeichukua. Ameniona. Amesema ikirudi na mafuta nitajua yeye ni binti wa nani. Hakuna anayenionea huruma katika nyumba hii.

Ijumaa, 6 Juni

Baada ya sala tukakusanyika. Ngoma mbili. Injini inapiga kelele, imevikwa nguo ya Shamsia. Bi Pili akasogeza chetezo. Kasiani akaja mbio na kingozi chake, anapiga kelele tuondoe makaa, kuna benzini! Nikamzuia kwa bega bovu.

Moshi wa ubani ukapanda, halafu ukajikunja, ukazama wote pembeni mwa shingo ya injini, mahali pamoja tu. Bi Pili akamwuliza pepo jina lake. Kasiani akakodolea macho ule moshi, akapiga ukelele: Luft! Luft! Akanipita, akabandika ngozi pale, akaibana kwa kidole gumba.

Injini ikatulia. Wallahi! Ikawa inanong'ona kama mtu anayevuta tasbihi.

Watu wakashangilia. Kasiani akaeleza kwamba Luft ni upepo kwa Kijerumani. Injini ilikuwa na ufa shingoni, inavuta upepo isiopaswa kuvuta, na yeye kautafuta ufa siku tatu. Moshi ndio umemwonyesha. Moshi wangu! Taherali akampa udereva yeye. Mimi kanipa gunia la chumvi nilipandishe mlimani kesho, kwa sababu huko motokaa haifiki. Nimelia nyuma ya karanga. Naandika wazi, nimelia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetua mzigo njiani, Uluguru. Bega linawaka. Lakini nimefikiri, na wote wale ni wajinga!

Bi Pili aliuliza jina. Likajibiwa papo hapo, kwa Kijerumani, kwa kinywa cha Kasiani. Luft! Mwenyewe kakiri Luft alikuwa ndani. Sasa injini imetulia. Luft kaenda wapi? Kampanda Kasiani kichwani! Asubuhi nimemwona kwenye usukani anacheka peke yake. Taherali atakubali dereva mwenye pepo? Hawezi!

Nikishuka nitamfukiza mbele ya watu, ubani maradufu, na udereva utanirudia. Bi Pili yuko tayari. Taabu ni ile nguo nyekundu. Shamsia ameivaa tangu alfajiri, na madoa yake yote ya mafuta, na kila nilipomkaribia kabla sijaondoka alishika mwiko wa ugali.