Mbio za Simu, Kibokoni dhidi ya Mbaraki

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Nimeshatangaza. Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, Kibokoni dhidi ya Mbaraki. Mimi na Bwana Kioko. Mshindi atakuwa mwandalizi wa mbio zetu mwaka mzima. Mshindwa atakuwa mtu wa kuarifiwa tu.

Nieleze, maana hata shajara hupenda kuelezwa. Mimi nakaa chumbani kwangu Kibokoni, Mji wa Kale, na kompyuta aliyoniletea mwanangu mdogo kutoka Dubai. Kioko anakaa kwake Mbaraki na ya kwake. Kila mmoja ana usukani wa plastiki uliobanwa mezani na vikanyagio viwili sakafuni. Kompyuta moja hupiga simu, ya pili hupokea, hupigiana kelele kama paka wawili darini, halafu magari yetu ya mchezo, yote mawili, huonekana kwenye kioo chake na changu. Twashindana bila kuvaa viatu. Elimu haina mwisho.

Gari la kweli sijawahi kuendesha. Si hoja. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na mito niliieleza vizuri bila kuwa samaki.

Mara iliyopita nilishindwa kwa dhuluma. Mjukuu wangu Mwanakhamis aliinua simu ya ukumbini kumpigia fundi wake wa nguo. Mtu akiinua simu ya nyumba, kompyuta hupotezana. Gari langu likaganda kwenye kona, na Kioko akadai ushindi. Safari hii nimetunga kanuni: atakayeahirisha ameshindwa. Nimemlenga yeye. Ana mazoezi ya kwaya kila jioni isipokuwa Alhamisi.

Jioni. Mwanakhamis kaniletea chai na habari. Posa yake imefika hatua ya mwisho. Wanawake wa pande mbili wameshakubaliana. Limebaki neno la wazee. Bwana Faraj wa Lamu, ami yake yule kijana anayeposa, mguu haumruhusu kusafiri, kwa hiyo atapiga simu kuomba jibu. Jibu ni langu kutoa. Baba yake Mwanakhamis, mwanangu mkubwa, ametangulia mbele ya haki, na walii wake ni mimi. Bila neno la walii hakuna posa wala nikaha. Bwana Faraj atapiga Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Mwanakhamis ameniomba simu isiguswe siku hiyo.

Nikaapa. Nikaapa kwa dhati, kabla ya kukumbuka kalenda.

Jumanne, 15 Septemba

Nimekwenda Mbaraki kumwomba Kioko tusogeze siku. Kwa hekima, bila kutaja neno kuahirisha.

Nikabisha hodi mara tatu. Kimya. Nikageuka, nikaondoka zangu. Kioko akanikimbilia barabarani na ndara mguu mmoja, akauliza kwa nini sikungoja, alikuwa anajifuta sabuni. Nikamweleza tunavyofundishwa sisi: hodi tatu, usipoitikiwa warudi, wala hununi. Mwenye nyumba ana haki ya kutokujibu, na kutokujibu nako ni jibu. Akasema kwao Machakos mtu hubisha mpaka mbwa achoke.

Chai, mkate wa siagi, mkewe Janet ananiuliza hali ya kila mtu nyumbani. Nalitafuta neno la kusogeza siku. Kabla sijalipata, Kioko akaniambia:

"Mwalimu, kama unaogopa, sema tu. Sisi ni wazee, tutakufichia."

Neno likarudi tumboni. Nikamwambia Alhamisi iko pale pale.

Huyu mtu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli. Mpaka leo hutazama saa yake kabla ya kutabasamu.

Njiani nimepata mpango mwingine, bora. Watu wa Lamu hawana haraka. Bwana Faraj ataswali, atakunywa kahawa, atajinyoosha. Hatapiga kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mbio zitakuwa zimekwisha zamani. Nikipunguza mizunguko, zitakwisha hata hajagusa kikombe cha kwanza.

Jumatano, 16 Septemba

Majaribio. Mwalimu mwenzangu Kitsao, ambaye ni refa wetu, amekuja kushuhudia. Kitsao alifundisha hesabu na huamini kwamba kila jambo lina jibu moja. Ni mtu wa kuchosha.

Kompyuta yangu ilipiga Mbaraki. Badala ya kompyuta ya Kioko kupokea, Janet akapokea. Aliiamkia mashine yangu. Mashine ikampigia mlio. Janet akaipa pole, akauliza ni nani anaumwa. Tukajaribu tena, akapokea tena. Baadaye Kioko kanieleza kwamba mkewe hawezi kuacha simu ilie nyumbani kwake, ni utovu wa adabu, na kwamba ameshaanza kumwombea huyo mgonjwa.

Kwa hiyo tumegeuza. Kioko ndiye atakayepiga, kompyuta yangu ndiyo itakayopokea. Nimeifundisha kupokea yenyewe simu inapolia mara ya kwanza, kabla mkono wa mtu haujafika. Kitsao akauliza mashine itajuaje kwamba anayepiga ni Kioko. Nikamjibu kwamba itajua kwa sababu Kioko ndiye atakayepiga. Akaomba chai. Hesabu zina mipaka yake.

Mwanakhamis anafua mapazia. Amepangusa hata simu. Nimemwona anaiinua, anasikiliza kama iko hai, anairudisha taratibu. Moyo wangu haujatulia. Bila shaka ni ile kona ya mwisho, inakata sana kushoto.

Alhamisi, 17 Septemba

Mambo yamekuwa mengi. Nitafuata mpangilio.

Baada ya sala ya alasiri nilirudi nyumbani. Mwanakhamis alikuwa ukumbini, kakalia kigoda kando ya simu, kajifunga leso mpya kana kwamba Bwana Faraj angemwona. Nikamwambia hili ni neno la wazee, haifai mwari akutwe amelilinda. Aende chumbani asome msahafu wake, simu naingoja mimi. Akanitazama kidogo, akasema haya, Babu. Akaenda. Aliniamini.

Nikaifunika simu kwa mito miwili isimshtue. Nikaingia chumbani, nikaiwasha kompyuta, nikaiunganisha na waya. Mapema kidogo, ni kweli. Nilitaka Kioko akipiga akute tuko tayari. Nikakamata usukani. Jasho. Vikanyagio vinateleza, nimevizuia kwa atlasi.

Simu ikalia chini ya mito. Kompyuta ikapokea, ikapiga kelele zake. Hakuna gari. Kimya. Ikakata.

Ikalia tena. Kelele, hakuna gari, ikakata.

Mara ya tatu vivyo hivyo. Nilikuwa nachemka. Nikajua ni hila za Kioko, ananipandisha hasira ili nikosee kwenye kona.

Halafu, saa ya ukutani ikigonga nusu, simu ikalia mara ya nne. Magari mawili! Tukaondoka. Sitaki kujisifu, lakini nimeendesha kama mtu aliyezaliwa nalo. Mzunguko wa mwisho nilikuwa mbele. Nilikuwa mbele! Kona ya mwisho naiona. Na hapo gari likaganda.

Nilitoka nikikimbia. Mwanakhamis alikuwa ukumbini, mito iko chini, simu iko sikioni. Alitaka kujua kama iko hai. Akaniuliza kama ilikuwa imelia. Nikamwambia ililia, ni Kioko tu.

Kabla ya magharibi kijana mwenyewe alikuja, yule mchumba, kutoka kazini kwake bandarini. Hakuingia. Alisimama kizingitini akanieleza akiangalia viatu vyangu. Ami yake alipiga alipomaliza tu kuswali. Hakunywa kahawa kwanza. Alitoa salamu mara tatu, kwa simu tatu, na kila mara alijibiwa na kitu kinacholia kama sufuria inayokwaruzwa. Bwana Faraj hakukasirika. Alisema amebisha mara tatu hakuitikiwa, jibu amelipata, na Mungu awape kheri wenye nyumba.

Niligeuka. Mwanakhamis alikuwa nyuma yangu. Amesikia yote.

"Babu, ulisema ni Kioko."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Ningependa angeubamiza.

Nimekaa, nimefikiri. Kioko alipiga saa kumi na nusu kamili. Mtu yule hajawahi kutangulia saa hata kwa dakika moja maishani mwake. Ningepaswa kujua kwamba zile tatu si zake.

Ijumaa, 18 Septemba

Nyumba imenuna. Chai ilikuja haina sukari. Yule aliyeileta alikuwa na macho mekundu.

Tatizo ni hili, na ni zito. Mwenye binti hapigi simu, hupigiwa. Nikipiga Lamu kueleza, itasemekana tunamtembeza mjukuu wangu kama samaki wa jana. Nisipopiga, posa imekufa.

Nikatunga mpango. Nitapiga kwa makosa. Yaani nitapiga Lamu kana kwamba natafuta pengine, Bwana Faraj ataitambua sauti yangu, na mazungumzo yataota yenyewe. Nikapiga, nikauliza kama hapo ndipo penye kiwanda cha barafu. Bwana Faraj kwa upole mwingi akanieleza kwamba si hapo, akanielekeza kiwanda kilipo, akanitakia siku njema, akakata. Nikapiga tena. Akanielekeza tena, polepole zaidi, kama mtu anayemweleza mzee.

Baada ya sala ya Ijumaa hodi ikapigwa. Kioko na Kitsao. Kioko kavaa suti na tai katika joto hili. Kitsao ndiye aliyempasha habari, alizozisikia mtaani. Kioko hakuketi. Alitazama saa yake, akaniambia kwamba yeye si wa ukoo wetu wala wa dini yetu, hana binti hapa, na hakuna adabu inayomkataza kupiga simu popote. Akaomba namba. Mwanakhamis akaitaja kutoka kichwani, bila kunitazama.

Nilidhani atamwagia mzee wa watu maneno ya reli. Alimwamkia vizuri kuliko nilivyomfundisha. Aliuliza mguu, aliuliza watoto, aliuliza mvua. Halafu:

"Mzee wangu, mimi naitwa Kioko, nakaa Mbaraki. Kelele zile za jana ni zangu. Mwalimu yuko hapa, hajakukataa. Hakukusikia tu."

Kelele zake! Mashine ni yangu, niliifundisha mimi, na sifa akajitwalia yeye. Nilifungua mdomo kusahihisha. Kitsao akanikanyaga mguu.

Kioko akaniwekea simu mkononi. Bwana Faraj akatoa salamu. Nikaitikia, yote, mpaka baraka zake. Akaniuliza jambo moja, kama ilivyo desturi: kijana wetu mwampa au hamumpi?

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu juu ya sauti na nyaya. Nikamtazama mtoto wa mwanangu, kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Twampa," nikasema.

Mwanakhamis akaketi chini sakafuni pale pale. Kioko akapenga kamasi kwenye kitambaa chake cha mkono, akatazama saa.

Kabla ya kukata, Bwana Faraj akauliza kama nimeshakipata kiwanda cha barafu. Nikasema alhamdulillahi.

Jumamosi, 19 Septemba

Sukari imerudi kwenye chai. Waya wa kompyuta umetoweka. Namshuku biarusi, lakini si wakati wa kumpekua.

Nikaha ni Ijumaa ijayo, saa kumi na nusu, msikiti wa mtaani, mara baada ya alasiri. Mwanakhamis amenieleza mara nyingi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na amenifanya nirudie. Nikarudia. Mimi ndiye niliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma saa.

Jumapili, 20 Septemba

Mbio za Alhamisi hazina mshindi. Refa Kitsao ameamua zirudiwe, na siku nipange mimi. Nimefikiri tangu alfajiri. Siku gani ambayo simu itakuwa huru, hakuna wa kuiinua, wala wa kuniita nje?

Nimeipata! Ijumaa ijayo, saa kumi na nusu. Wanaume wote watakuwa msikitini. Wanawake watakuwa ndani na biarusi, mikono yao imejaa hina, hakuna atakayeweza kushika simu. Bwana Faraj hatapiga, maana jibu anajua. Sijapata kuona siku ambayo watu watanihitaji kidogo namna hii. Waya mwingine nimeazima kwa jirani, mrefu zaidi.

Nimempelekea Kioko ujumbe athibitishe. Ameniletea jibu kwamba siku hiyo saa hiyo, bila kukosa, atakuwa amevaa suti.

Sijui kwa nini mtu avae suti kuendesha gari akiwa nyumbani kwake.