Mimi Katikati ya Mchoro

Jumatatu, 4 Februari 2013. Lodwar.
Joto. Meneja wetu, Bi Céline, ametangaza kwamba atakayesimamia kamati za maji za Kakuma atapewa chumba chenye feni. Feni! Mwenzangu Lueth anakitaka pia. Ametoka kambi ya wakimbizi ya huko, anajuana na kila mtu. Mimi najuana na kompyuta. Bi Céline anataka mchoro wa nani huwasiliana na nani. Niliudaka kabla Lueth hajafungua mdomo.

Jumanne.
Nimechora kwa mkono. Kila mtu duara, kila wawili wanaowasiliana mstari. Mistari ikapitana ovyo. Lueth akauliza hizo ni nywele za nani. Mshenzi.

Jumatano.
Nimepata programu! Maduara yanasukumana, mistari inayavuta kama mpira. Yanahangaika, yanatulia, fundo linafunguka lenyewe. Mwenye mistari mingi huishia katikati. Nikatazama. Lueth! Mimi niko pembeni kabisa, nimeunganishwa na Atabo wa chai tu.
Nikajiongezea mistari. Kamati zote. Mafundi wote. Nikabonyeza. Nikateleza hadi katikati, taratibu, kama chifu.

Ijumaa.
Bi Céline amesema hajaona mchoro safi hivi. Chumba changu! Atabo alinisalimia kwa Kiturkana, "Ejok, bosi." Lueth alinipa mkono, akaomba nakala apeleke Kakuma. Nikampa kumi.

Jumanne, 12 Februari. Kakuma.
Lueth amebandika nakala kwenye kila bomba, jina langu katikati. Simu yangu haijapoa tangu jana. Leo nimeitwa mwenyewe. Bomba limekauka, mitungi imepangwa hadi barabarani. Nyibol, mwenyekiti wa kamati, aliweka kidole kwenye jina langu, akauliza si ndiye mimi. Nikajitetea kwamba mimi huchora tu.
"Basi tuchoree maji," akasema.
Kina mama hawakucheka. Lueth alipiga simu moja, fundi akaja.

Alhamisi. Lodwar.
Nimefuta mistari yangu yote. Programu ikanirusha ukingoni. Salama! Nikampelekea Bi Céline mchoro uliosahihishwa. Aliutazama sana. Akasema kama siwasiliani na mtu yeyote, nitafaa Kainuk, ofisi ya mtu mmoja. Chumba amepewa Lueth.

Jumatatu, 18 Februari. Kainuk.
Hakuna feni. Hakuna umeme. Nimetafakari kosa langu kwa utulivu, nimelipata. Ni rangi. Duara langu lilikuwa la buluu, na buluu haiheshimiwi. Huku nitajichora jekundu, tena kubwa.