Kura za Wenye Ngamia

Jumatatu, 6 Oktoba. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kisima. Nagombea dhidi ya binamu yangu Mustafe. Yeye ana miaka tisa kitini. Ndiye hupanga zamu za kunywesha, na mbuzi wa dada yangu Anab huwa wa mwisho. Kiangazi kilichopita kumi na wanane walimfia kwenye foleni.

Wenye ngamia wanahama Jumatano kuelekea Diff, mvua imenyesha huko. Nimeihutubia kamati saa nzima. Anayehama asinyimwe haki. Apige kura mapema. Wamekubali. Mustafe naye. Hilo limenikera.

Jumatano, 8 Oktoba. Wamepiga kura hamsini na wawili, kwenye mtungi wa maji uliotobolewa. Kila mmoja kachora chapa ya ngamia wake pembeni ya karatasi. Wamesema mali isiyo na chapa huibwa. Ati kura ya siri! Lakini sijapinga. Kura ni zangu. Mtungi anao Maalim Jama wa madrasa.

Alhamisi, 9 Oktoba. Msiba. Anab kasikia kwamba juzi Mustafe aliwachinjia wahamaji ngamia. Walikula hadi mifupa. Kura zimenunuliwa! Maalim kasema kula si kupiga kura, hata yeye alikula. Nimeandika pingamizi, kurasa saba. Kura ya mapema ni hukumu kabla ya ushahidi. Yenye chapa si siri.

Ijumaa, 10 Oktoba. Nimelisoma mbele ya kamati baada ya swala. Mustafe kaniuliza kama mimi si yule Mursal wa Jumatatu. Nimemjibu kwamba mwenye msimamo hujirekebisha. Kura zimefutwa. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Mustafe. Ushindi mtamu.

Jumapili, 12 Oktoba. Mustafe 63. Mimi 38.

Maalim kafungua mtungi ili achome karatasi. Anab kaomba kutazama. Chapa zote anazijua. Arobaini na saba zangu. Walikula ngamia wa Mustafe wakanichagua mimi, na Maalim kasema walimwambia waziwazi, huku bado wanatafuna.

Nimedai zihesabiwe. Mustafe kasema sheria ni yangu mwenyewe, kurasa saba.

Anab hakunigombeza. Kasema tu, haya walaal, haya ndugu yangu, akaenda kupanga mbuzi wake. Nyuma kabisa.

Jumatatu, 13 Oktoba. Nimeandika pingamizi jipya, kurasa kumi na moja. Uchaguzi ni batili, wahamaji wamenyimwa haki. Urudiwe, na kura za mapema ziruhusiwe. Ila safari hii mtungi nitaulinda mimi.