Majaketi Saba Chini ya Koko

Jumatatu, 29 Desemba. Dzaleka.

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si pasta, na hasa si mdogo wangu Noël, ambaye angeliuza kwa biskuti moja.

Sijui kuogelea.

Hiyo si dhambi. Nina miaka kumi na tano, kumi kati yake nimeishi hapa kambini, na maji marefu kuliko yote niliyowahi kuingia ni ya beseni. Dhambi ni hii: binamu yangu Gabriella, wa Australia, anaamini kwamba mimi ni bingwa wa kuogelea wa shule yetu. Wasichana, mita mia mbili. Anaamini kwa sababu nilimwandikia hivyo.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Alinitumia picha, ana medali tatu shingoni, nywele zinadondosha maji. Mimi nilikuwa namenya mihogo. Darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Naipanga sentensi kwa Kiingereza, naipanga tena kwa Kiswahili, kengele inalia. Lakini nikishika simu, vidole vyangu ni watu wengine kabisa. Vikaandika: Hata mimi! Nikaviacha viendelee.

Sasa Gabriella amekuja likizo na mama yake, Tantine Godelive, dada yake Papa. Leo Tantine ametutangazia zawadi ya Mwaka Mpya. Familia nzima, siku tatu, melini, ziwani! Meli inaitwa Chisomo. Ghorofa tatu, abiria sitini, chakula ndani. Na kila asubuhi inasimama mbali na ufuko ili watu waogelee. Koko, bibi yetu, akapiga vigelegele. Noël akapiga sarakasi hadi akaangusha sufuria. Gabriella akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba amefanya mazoezi tangu Septemba ili anishinde.

Mpango wa kwanza: ruhusa. Sisi wakimbizi hatuondoki kambini siku kadhaa bila karatasi. Nilitegemea ichukue wiki mbili. Papa alienda saa tatu, saa tano amerudi nayo, ina muhuri. Afisa alimtakia hata safari njema. Kwa nini watu wanakuwa wema siku usiyowahitaji?

Jumanne, 30 Desemba. Lilongwe, Area 47.

Tumelala kwenye nyumba ya wageni aliyofikia Tantine. Bafu lina maji ya moto. Nimejaribu kuzuia pumzi ndani ya ndoo. Sekunde tisa.

Mpango wa pili: nguo. Nimemwambia Gabriella, kwa huzuni kubwa, kwamba nimesahau nguo yangu ya kuogelea Dzaleka. Akaruka kwa furaha! Alikuwa ameniletea mpya. Bluu. Mgongoni imeandikwa OLGA kwa herufi zinazosomeka toka Msumbiji.

Mpango wa tatu: mamba. Nimemwambia Koko kwamba ziwa lina mamba, nikitumaini atakataza watoto wasiguse maji. Koko hakukataza kitu. Aliuliza ni wakubwa kiasi gani, kisha akaongeza mwiko wa bugali kwenye mzigo wake.

Mama naye amefunga unga wa muhogo, karanga na dagaa. Tantine akamwambia, dada, chakula kimelipiwa. Mama akamjibu eti hata ile camion ya kutoka kule balisema chakula iko. Tantine akamsaidia kufunga. Naye alikimbia Bukavu kwenye lori hilohilo.

Gabriella ni mrefu kuliko mimi. Kiswahili chake kinatembea kama mtu asiye na viatu kwenye changarawe, na bado kila mtu anampenda. Inaudhi.

Jumatano, 31 Desemba. Melini.

Mungu yupo!

Tulipanda saa nane. Meli nyeupe, ngazi nyembamba, harufu ya rangi na samaki wa kukaanga. Saa tisa king'ora kikalia. Lilikuwa zoezi tu la usalama: abiria wote wakusanyike juu, kila mmoja apewe jaketi la kuelea, alivae, alirudishe sandukuni.

Papa hakusikia zoezi. Papa alisikia king'ora, akaona sanduku limefunguliwa na msichana mwenye daftari. Papa amepanga mistari ya mgao kambini miaka kumi, huhitaji kumweleza zaidi. Kufumba na kufumbua tulikuwa wa kwanza mstarini, tumepangwa kwa umri, Koko mbele, na Papa anaonyesha karatasi ya familia, anatangaza kwa sauti ya kanisani kwamba sisi ni famille ya bantu saba. Kwenye karatasi tuko watano. Tantine na Gabriella aliwaongeza kwa mdomo. Gabriella akataka kuingia chini ya sitaha kwa aibu. Msichana wa daftari akaduwaa, kisha akahesabu saba. Na wale abiria wengine, Wazungu kwa mabosi wa Lilongwe, wakapanga mstari nyuma yetu bila kuuliza! Papa alisimama pembeni akiwarekebisha. Baba mmoja mwenye miwani ya dhahabu alirudishwa nyuma kwa kuchomekea.

Zoezi likaisha. Watu wakarudisha majaketi, wakaenda kunywa juisi. Sisi hatukurudisha. Mama aliyakusanya yote saba, akayafunga kwenye kitenge, akayasukuma chini ya kitanda chumbani. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nadhani yanarudishwa. Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi. Eti banatugawia, banarudisha tena? Ni mgao gani ule?

Nilikuwa namweleza vizuri, naapa. Ndipo kapteni akatangaza kwa Kiingereza kwenye kipaza sauti: majaketi saba hayaonekani, na hadi hesabu itimie, hakuna atakayeogelea.

Hakuna atakayeogelea!

Tantine na Gabriella walikuwa ghorofa ya juu wakipiga picha. Noël alikuwa kwenye soseji. Papa na Mama Kiingereza chao ni cha salamu. Mama akaniuliza, we Olga, anasema nini ule mubaba? Nikamwambia anasema upepo ni mbaya. Wale wa ghorofa ya juu waliposhuka, nikawaambia hivyohivyo.

Alhamisi, 1 Januari. Melini.

Heri ya Mwaka Mpya kwangu. Ziwa limetulia kama chai kikombeni, na Mama tangu asubuhi anashangaa upepo uko wapi. Nimemwambia uko chini.

Gabriella amenuna. Alikaa ukingoni na taulo lake, anayatazama maji kama mbwa nje ya bucha. Nikamfariji. Nikamwambia sisi waogeleaji wazoefu tunajua kusubiri. Nikaongeza kwamba mwaka jana fainali iliahirishwa mara mbili. Vidole havikuwepo, ni mdomo wangu mwenyewe!

Wafanyakazi wanatafuta kila kona. Kwa usalama niliyatoa majaketi chini ya kitanda cha Mama, nikayapanga chini ya godoro la Koko. Koko ameamka kutoka usingizi wa mchana ameinuka karibu na dari. Anasema godoro la namna hii hajalilalia tangu Bukavu, na Tantine abarikiwe.

Jioni furaha iliisha.

Tulikuwa mezani. Tantine na Gabriella walikuwa wameenda kuchukua matunda. Kapteni akasimama. Majaketi yasipopatikana hadi kesho saa tatu asubuhi, meli inarudi bandarini, na mizigo yote itafunguliwa hapo gatini mbele ya kila mtu.

Yule baba wa miwani ya dhahabu, meza ya pili, akamwambia mkewe kwa Kiingereza, bila hata kushusha sauti, kwamba waanze na mabunda ya wale wakimbizi, ndio wezi hao, muda wa watu usipotee.

Mama aliona anatutazama. Akamtabasamia. Akainuka, akampelekea karanga zake kwenye sahani. Aliporudi akaniuliza yule baba amesema nini.

Nikamwambia amesifu kitenge chako.

Mama akashika mdomo kwa haya. Akaongeza karanga, akampelekea tena.

Sikula. Nilikuwa naliona bunda la Mama limefunguliwa gatini, unga wa muhogo huku, dagaa kule, na Mama anatabasamu bado kwa sababu hakuna aliyemtafsiria.

Ijumaa, 2 Januari. Melini, halafu garini.

Niliamua kuyarudisha. Lakini kimyakimya! Kuongea na kapteni ningeweza tu kama angekuwa na namba ya WhatsApp.

Mpango wa nne: saa kumi na mbili asubuhi nikavaa majaketi manne, moja juu ya lingine, nikabana matatu kwapani, nikajifunika kitenge kikubwa cha Koko. Sanduku liko ghorofa ya juu. Ngazi, nimeshaandika, ni nyembamba. Katikati nikakwama. Mbele haiendi, nyuma hairudi.

Wa kwanza kunikuta ni Noël, ambaye dada mkubwa humwita yaya. Akauliza eti yaya, una mimba ya nini? Akaenda kuita watu wote aliowafahamu na wengine ambao hakuwafahamu. Mabaharia wawili walinivuta. Nikatoka kwa kishindo, kitenge kikabaki ngazini, nikasimama mbele ya kapteni na nusu ya meli nikiwa wa rangi ya chungwa toka kidevuni hadi magotini.

Baba wa miwani akasema, mnaona? Si niliwaambia?

Mama alikuwa amefika, kilemba mkononi. Akauliza banasema nini. Safari hii hakuniuliza mimi, aliwauliza watu wote, na sura yake ilianza kubadilika.

Sijui sauti ilitoka wapi. Niliongea Kiingereza mbele ya watu thelathini, bila kupanga. Nikasema mama yangu si mwizi. Tulikotoka, kitu ukipewa baada ya kupanga mstari na kuhesabiwa ni chako, na ukikirudisha watakuuliza kwa nini ulipanga. Yeye hakuelewa tangazo. Mimi nilielewa, mimi ndiye niliyeficha, na mimi ndiye niliyemdanganya kwamba ni upepo. Nikamgeukia baba wa miwani, nikasema karanga ulizokula jana alikupa huyohuyo. Halafu nikamtafsiria Mama yote, neno kwa neno, hata lile la jana.

Mama alimgeukia yule baba. Akasema tu kwa Kiswahili arudishe sahani. Nikatafsiri. Yule baba akairudisha, macho chini, na zikomo tatu, yaani asante za huku.

Hapo ningeishia. Lakini kapteni aliuliza kwa upole, sasa binti, uliyaficha kwa nini? Gabriella alikuwa palepale, na taulo lake. Ukweli ulikuwa tayari mdomoni.

Nikasema mimi ni muogeleaji wa mashindano, nilikuwa nayakagua ubora.

Kapteni akafurahi sana! Bingwa melini! Basi, bingwa ndiye atakayetufungulia maji.

Saa nne nilikuwa ukingoni ndani ya nguo ya OLGA. Ahueni moja tu: kapteni aliamuru kila anayeingia majini avae jaketi. Gabriella akaonyesha boya la mbele, akahesabu, moja, mbili, tatu. Yeye akaruka. Mimi nilisukumwa na Noël.

Jaketi linaelea, ni kweli. Haliendi unakotaka. Nililala chali kama boga, miguu ikipiga, mikono ikipiga, meli ikizidi kuwa ndogo. Gabriella alifika kwenye boya la kumalizia, akageuka, akashangaa mpinzani wake anaelekea Msumbiji. Nilimeza maji. Nilimwita Yesu, halafu nikamwita Mama.

Mama ndiye aliyekuja. Aliruka kutoka ghorofa ya chini na kitenge chake chote, kichwa kwanza! Akaja mkono kwa mkono, taratibu, kama mtu anayepalilia. Kumbe amekulia Idjwi, kisiwani, alikuwa akiogelea kwenda kwa shangazi yake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuwahi kutuambia, alisema nani aliniuliza?

Alinishika ukanda wa jaketi, akanivuta. Masikioni mwangu, kwa sauti ya chini: We Olga. Hujui maji hata kidogo. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema njo maana unapiga mabawa kama kuku. Kisha akasema nimwambie Gabriella ukweli kabla hajapanda ndege Jumapili. Nisiposema, atasema yeye, tena mbele ya Koko.

Tulipofika, meli nzima ilikuwa inapiga makofi. Walidhani ni onyesho la kuokoa mtu anayezama! Kapteni alisema hajawahi kuona anayezama kwa ustadi vile. Aliyepiga makofi zaidi ni baba wa miwani.

Jumapili, 4 Januari. Dzaleka.

Ndege ya Gabriella ni leo mchana. Wamekuja kutuaga. Nilikaa naye barazani, Mama yuko jikoni anakoroga bugali huku akisikiliza. Nikaanza vizuri. Nikasema Gabriella, kuna jambo. Kuhusu kuogelea.

Akanikatiza. Akasema anajua! Amemtumia kocha wake video ile. Kocha amesema kuzama kwa namna hiyo, bila kupoteza jaketi, kunahitaji mwili uliofunzwa.

Nikafungua mdomo kukataa. Ukasema: miaka miwili ya mazoezi.

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu mwenye medali. Akasema ana wivu, mimi nina vipaji, yeye ana kimoja tu. Akauliza kama nina kingine. Nilimhurumia, jamani! Nilitaka tu mazungumzo yasikatike. Nikasema kidogo tu, gitaa. La kanisani. Solo.

Akapiga kelele ya furaha. Tantine amenunua gitaa Lilongwe, zawadi ya kwaya yetu, liko garini. Amekimbia kulichukua ili nimpigie Koko wimbo mmoja wa kuagana, mmoja tu. Mimi nimesema naenda chumbani kutafuta kitabu changu cha nyimbo. Ndimo nilimo. Kitabu ninachokishika ni hiki.

Nafikiri naweza kusema nimeumia kidole. Kidole kipi wanatumia? Nikifunga vyote vitano

Mama anauliza kwa sauti toka jikoni, we Olga, umeisha muambia? Hatua zinakuja ukumbini, mbili mbili, na kitu cha mbao kinagonga ukuta, nyuzi zinalia zenyewe. Wamefika mlangoni. Kitabu hiki chini ya godoro, haraka